Mrejesho: Nimemaliza kuisoma Peponi

Wiki tatu zilizopita niliwauliza iwapo niendelee na Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya Paradise, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994, kwa kuwa nilikuwa nimekwama katika sura za mwanzo. Wengi wenu mlinishauri nivumilie hadi msafara wa biashara wa kwenda bara uanze. Nawashukuru, mlisema kweli.

Nimeisoma jioni, hapa Mikindani, barazani kwa mjomba wangu, na huenda ndiyo maana kilichonichoma zaidi si msafara bali jambo dogo: Yusuf, mtoto wa miaka 12 aliyetolewa na baba yake kufidia deni, anaambiwa na Khalil, kijana anayefanya naye kazi dukani, kwamba Aziz, mfanyabiashara aliyemchukua na ambaye amezoea kumwita mjomba, si mjomba wake hata kidogo. Nilifunga kitabu nikamtazama mjomba akibangua korosho, nisiweze kuendelea usiku ule.

Kuhusu mwisho, ambapo Yusuf anawakimbilia askari wa Wajerumani, sikubaliani na waliosema umekatishwa ghafla: kijana ambaye maisha yake yote aliamuliwa na wengine, uamuzi wake wa kwanza ungewezaje kuwa wa taratibu?

Nakala yangu sasa anayo shangazi, ambaye (Mungu amsamehe) ameanzia ukurasa wa mwisho.