Tembo dume mzee "amemaliza kazi yake"? Tujadili uwindaji wa madume wa Amboseli

MWANZISHA MADA:

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana linagusa nchi mbili na watu wenye haki zao pande zote za mpaka.

Kati ya Septemba 2023 na katikati ya 2024, tembo dume wasiopungua watano walipigwa risasi na wawindaji wa kitalii eneo la Enduimet, Longido, Tanzania. Ni tembo wanaotembea kati ya Amboseli, Kenya, na nyika za chini ya Kilimanjaro upande wetu. Mwaka 1994 yalitokea mauaji ya namna hiyohiyo, kelele zikapigwa, yakapatikana maelewano, na kwa karibu miaka 30 madume wale wakavuka mpaka bila kuguswa. Kenya ilifuta uwindaji 1977. Kwetu unaruhusiwa kwa sheria, kwa hiyo siuiti ujangili.

Ninachopinga ni utetezi mmoja ambao nimeusikia mara nyingi mno: "Wanapigwa wazee tu, ambao hawazalishi tena."

Kwa tembo, hilo si kweli kabisa. Ni kinyume chake.

Nimeendesha watalii miaka mingi, na dume mkubwa akiwa katika masti (kipindi ambacho dume anapandwa na hamu kali ya kupanda majike; neno lenye asili ya Kiajemi, maana yake kulewa) utamjua hata kabla hajafika. Harufu inatangulia. Majimaji yanamtiririka nyuma ya macho hadi mashavuni, mkojo unadondoka njia nzima na kulowesha miguu ya nyuma, kichwa kakiinua juu. Madume vijana waliokuwa wanasukumana pale kwenye dimbwi wanaachia nafasi bila kuguswa. Watafiti wa tembo Joyce Poole na Cynthia Moss ndio walioieleza hali hii kwa tembo wa Afrika mwaka 1981, hapohapo Amboseli, ambako tembo wanafuatiliwa mmoja mmoja tangu 1972.

Sasa tazameni hesabu ya uzazi. Jike anabeba mimba miezi 22, anazaa kila baada ya miaka minne au mitano, na akipata joto ni siku chache tu. Hizo siku chache hamkubali kila anayekuja. Akija kijana wa miaka 20, jike anamkimbia. Akija dume mkubwa aliye katika masti, jike mwenyewe anamsogelea na kukaa karibu naye. Vinasaba vilivyopimwa Amboseli vimeonyesha kwamba dume anazidi kupata watoto kadiri umri unavyopanda, na kilele kiko kati ya miaka 45 na 53. Umri ndio cheti chake: amepita ukame, maradhi na majangili, na mwili wake umestahimili vyote. Jike anachagua ushahidi huo.

Na pembe haziachi kukua maisha yote. Kwa hiyo yule mwenye pembe ambazo kila moja inafika kilo 45, anayetafutwa na mwindaji, ndiye huyohuyo anayetafutwa na majike. Katika kundi zima la Amboseli wa aina hiyo ni wa kuhesabu kwa vidole.

MCHANGIAJI, LONGIDO:

Mkuu, nimekusoma vizuri. Lakini wewe unamwona tembo ukiwa ndani ya gari. Mimi namwona saa nane usiku ndani ya mahindi yangu. Kifuta jasho kikija kinakuja kimechelewa na hakitoshi hata mbegu. Fedha za kitalu cha uwindaji ndizo zinazolipa askari wetu wa wanyamapori wa kijiji, zimejenga madarasa, na vijana wamepata ajira. Tumeacha maeneo ya malisho wazi kwa ajili ya wanyama hao. Mkifuta uwindaji, mnatuletea nini? Halafu mbona simba anawindwa akishazeeka na wataalamu wenyewe ndio waliopendekeza?

MWANZISHA MADA:

Ndugu yangu, swali la simba ni zuri sana, na ndilo lililonifanya nilete mada hii.

Simba dume anakaa na familia ya majike miaka miwili mitatu hivi, kisha anafukuzwa. Wanaoingia wanaua watoto wadogo waliowakuta, ili mama zao wapate joto mapema. Ukimpiga dume kijana mwenye familia, umewaua na watoto wake kwa mkono wa dume mwingine. Craig Packer na wenzake, waliowafuatilia simba wa Serengeti kwa miongo mingi, walionyesha mwaka 2004 kwamba ukingoja dume apite miaka mitano, watoto wake wa kwanza wameshajitegemea na madhara ni madogo. Tanzania ikaweka umri wa miaka 6, na mwindaji akafundishwa kutazama pua inavyozidi kuwa nyeusi. Kanuni hiyo naiunga mkono.

Ila ilitungwa kwa maisha ya simba. Tembo wa miaka 50 yuko kileleni mwa uzazi wake, simba wa miaka 8 ameshashuka.

Tena dume mzee ana kazi nyingine. Hifadhi ya Pilanesberg, Afrika Kusini, walipelekwa tembo yatima waliokua bila wakubwa. Kati ya 1992 na 1997 madume vijana hao waliingia masti mapema mno na kuua faru weupe zaidi ya 40. Mwaka 1998 wakaletwa madume sita wakubwa kutoka hifadhi ya Kruger. Vijana wakatulia, masti yao yakafupika, mauaji yakakoma. Wewe unayelala na tembo mlangoni ungependelea vijana wasio na mkubwa?

MCHANGIAJI, ARUSHA:

Kaka, ongeza na akina mama. Ukame wa 1993 Tarangire, ndama 16 kati ya 81 walikufa ndani ya miezi tisa. Familia zilizotoka nje ya hifadhi kutafuta maji ndizo zilizookoa watoto wengi, na ziliongozwa na bibi wenye umri wa kutosha kuukumbuka ukame wa 1958 hadi 1961. Tembo mzee kwa jinsia zote mbili ni hazina. Tusimwite mzigo.

MCHANGIAJI, LONGIDO:

Hapo kwenye pua ya simba na faru mmenishika, nakiri. Lakini swali langu bado. Mtalii analipa kiingilio Amboseli kumpiga picha dume yuleyule aliyekula kwangu jana. Geti liko kwao, shamba liko kwangu.

MWANZISHA MADA:

Ni kweli, na hapo ndipo maelewano ya zamani yalipokuwa dhaifu: hayakuwa sheria, na hayakukupa chochote. Mimi napendekeza mkataba wa maandishi kati ya Kenya na Tanzania. Uwindaji wa wanyama wengine Enduimet uendelee, madume wa Amboseli wanaovuka wasiguswe, na sehemu ya kiingilio cha geti la Amboseli iende moja kwa moja kwenye akaunti za vijiji vya Longido wanakopita. Nimeanza na asilimia 5. Wewe ungekubali ngapi?