Naomba ushauri: hazina yetu ya Git imekuwa kobe

Salamu wakuu. Niko Mombasa, ofisi ndogo pale Tudor, tunaandika programu za mawakala wa kutoa mizigo bandarini. Hazina yetu ya Git (mfumo wa kutunza historia ya msimbo) iko kwenye seva yenye diski ya kuzunguka, si SSD. Siku hizi ukiandika git log (amri ya kuonyesha historia) ya faili moja, unaweza kwenda kununua mahamri ukarudi, bado inatafuta.

Nimechungulia kwa git count-objects -v: vitu huru, yaani vipande vya data visivyofungwa kwenye paki (faili linalokusanya vitu vingi pamoja), vimepita 40,000, na paki zenyewe ni 83. Kumbe aliyenitangulia aliweka gc.auto kuwa 0, yaani alizima Git kujipanga yenyewe! Kwa kawaida Git hujipanga yenyewe vitu huru vikifika kama 6,700 au paki zikizidi 50. Ninavyoelewa, kila paki ina faharasa yake, hivyo kutafuta kitu kimoja ni kupekua faharasa moja baada ya nyingine.

Nimekwama hapa. Nipige git repack -a -d nipate paki moja, au niandike multi-pack-index, faharasa moja ya paki zote? Hiyo ya pili haigusi vitu huru. Ya kwanza naiogopa: hazina ni GB 9, diski imebaki GB 6, na paki mpya huandikwa kabla ya kuukuu kufutwa. Stima nayo mnaijua.

Aliyewahi kufanya hivi kwenye mashine dhaifu alianzia wapi? Na commit-graph, faili la muhtasari wa historia ya commit, je, ingeharakisha hiyo git log?