Grupu la familia: "Ukoo Mmoja"

Jumanne

Da Mwajuma, 07:12
Habari za asubuhi wana ukoo. Rufaa ya Rashidi mwisho Ijumaa. Wale aliowatumia maombi wanasema yalifika muda wa kuomba umeshapita, yeye anasema alituma mapema. Tunataka tarehe NA saa aliyotuma. Kompyuta iko kwa nani? Afungue historia ya brauza, ile orodha ya kurasa za mtandao zilizofunguliwa.

Da Mwajuma, 07:50
Naona mmesoma. Mbona kimya?

Idi, 09:41
Historia ya Rashidi? Kwanza tuwatoe watoto humu 😂

Mama Mdogo, 09:43
🤣🤣🤣

Da Mwajuma, 09:44
Idi, si utani. Chrome inatunza siku 90 tu, zikipita inafuta yenyewe. Na Rashidi alituma miezi mitatu kasoro. Hesabuni.

Rashidi, 12:58
Nilitumia ile kompyuta ya familia. Iko kwa Kaka Idi.

Da Mwajuma, 12:59
Basi iletwe kwangu leo leo, nipige picha skrini yote.

Rashidi, 13:00
Yote??

Idi, 13:02
Kwako haiji. Mara ya mwisho kukaa kwako ilirudi bila picha za msiba wa Bibi.

Da Mwajuma, 13:02
Usianze.

Idi, 13:03
Sianzi, naendeleza.

Mama Mdogo, 13:10
Jamani hilo tulishalifunga.

Idi, 13:11
Mlilifunga nyinyi.

Salma, 16:20
Ndiyo kwanza natoka kazini. Rashidi, ulitumia Chrome au Firefox?

Rashidi, 16:22
Ile ya mbweha

Idi, 16:22
🦊🦊 mjanja

Salma, 16:27
Basi siku 90 si zenu, ni za Chrome. Kwenye Firefox bonyeza Ctrl+Shift+H, andika jina la tovuti pale pa kutafutia. Kuna safuwima ya tarehe na saa ya kutembelewa mara ya mwisho, isipoonekana mnaiongeza. Nasema MARA YA MWISHO. Mtu akiufungua tena ule ukurasa leo "kuhakikisha", mtaona tarehe ya leo. Msiuguse.

Da Mwajuma, 16:28
Nani ameshaugusa?

Mama Mdogo, 16:41
Mimi jana nilibonyeza ile linki, kwenye simu yangu. Nimeharibu?

Salma, 16:42
Hapana Mama, simu yako ina historia yake. Rashidi, ukurasa wa fomu hautoshi, unaonyesha uliingia tu. Tafuta ule uliokuja baada ya kutuma, "tumepokea maombi yako". Na kama ulitumia dirisha la siri la brauza, lile lisilotunza historia, humo hamna kitu.

Idi, 16:50
Ila saa ya kompyuta hii kila ikizimika inarudi miaka ya nyuma. Rashidi atakuwa aliomba kabla hajazaliwa 😂

Mama Mdogo, 16:50
🤣🤣

Salma, 16:55
Mnacheka, lakini historia inafuata saa ya kompyuta. Kama siku ile ilikuwa imekosea, ushahidi umekufa. Rashidi, tafuta pia barua pepe ya majibu, ile muda wake unawekwa na seva zilizoipitisha, yaani kompyuta za mtandaoni, si hii yenu.

Rashidi, 17:30
Sikumbuki kama ilikuja

Babu, 19:05
Nimesoma yote. Kompyuta haihami. Rashidi ataifungua kwa mkono wake, Idi akiwepo. Ipigwe picha mistari ya hayo maombi peke yake. Mengine ya kijana ni yake, hayasomwi na ukoo. Picha za bibi yenu nitaziuliza mwenyewe, si humu.

Da Mwajuma, 19:06
Sawa Babu.

Idi, 19:15
Nimekusikia Babu.

Da Mwajuma, 19:20
Kwa hiyo kesho saa ngapi?

Da Mwajuma, 20:44
Idi?

Idi, 22:31
Labda jioni. Ila chaji imeisha, na chaja aliyeichukua anajijua.

Da Mwajuma, 22:31
Chaja gani tena?

Mama Mdogo, 22:50
🙈