Chini ya kitanda kumejaa makopo: nitunze nini, nitupe nini?

Mama Pendo, Mbagala

Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri, na tafadhali msinicheke.

Mimi kutupa kitu siwezi. Nimelelewa Kilwa na bibi ambaye kopo la maziwa ya unga kwake lilikuwa kibaba cha mchele, likipata kutu linakuwa koroboi, likitoboka linaoteshwa mpilipili. Nimekuja Dar na tabia hiyohiyo. Sasa naishi chumba na sebule, nyumba ya wapangaji watano, uani kuna mwembe mmoja na kamba za nguo. Juzi baba Pendo aliinama kutafuta kiatu chini ya kitanda akaibuka na mifuko miwili ya chupa tupu za maji. Hakugomba. Alizihesabu moja moja mbele yangu hadi 83, akavaa ndala zake akatoka.

Na si chupa tu. Nina vidumu sita vya mafuta vya lita 5, ndoo tatu za rangi za lita 20 alizoziacha fundi, viroba vya mchele, kanga zilizochanika, na taa ya sola iliyokufa na betri yake. Kila kimoja nilikitunza kwa nia. Niliona watu mtandaoni wamefunga chupa pamoja zikawa stuli, nami nikatengeneza yangu. Shemeji aliikalia siku moja. Siku ya pili alileta ya kwake ya mbao.

Kitu pekee kilichonifaa ni mifuko ya kanga niliyoshona rambo zilipopigwa marufuku Juni 2019. Hadi leo naenda nayo sokoni.

Kinachoniumiza ni hiki: natunza vyote hivyo, lakini pipa letu linafurika kila siku mbili. Hela ya taka tunalipa, na gari lisipopita wiki moja uani hapakaliki. Nakosea wapi?

Mzee wa Bustani, Morogoro

Mwanangu, nimekuwa bwana shamba miaka 31, kwa hiyo nitajibu kama bwana shamba. Kesho asubuhi tandika kiroba uani, pindua hilo pipa, ulitazame. Usikisie, tazama. Nakuhakikishia utakuta maganda ya ndizi, ya viazi, ya muhogo, machicha ya nazi, majani ya chai, ukoko. Chupa utaziona chache, na ni nyepesi. Kinacholijaza pipa, kinacholitia uzito na kulitia harufu, ni chakula. Wewe umekuwa ukiokoa kile kisichooza na kukitupa kile ambacho kingekufaa zaidi.

Zile ndoo tatu za rangi ndizo mali uliyo nayo. Zioshe. Choma msumari kwenye jiko, toboa matundu kitakoni na ubavuni kwa mbili. Zipandishe juu ya matofali, chini weka beseni kuukuu la kukinga maji. Ya tatu usiitoboe: hiyo weka vitu vikavu, yaani majani ya mwembe, maboksi uliyoyachana vipande, maranda ya seremala.

Anza na ndoo moja. Tabaka la makavu chini, juu yake maganda ya siku hiyo (yakatekate, ganda zima la ndizi linachelewa), kisha funika kwa makavu. Kila konzi moja ya maganda, makavu konzi mbili au tatu. Wengi hapa ndipo wanapofanya ubahili halafu wanasema mboji inanuka. Kila baada ya siku chache geuza kwa kijiti. Chota kidogo ukamue kiganjani: kiganja kikilowa bila maji kuchuruzika, uko sawa. Yakichuruzika, ongeza makavu. Ikiwa kavu kama pumba, nyunyizia maji uliyooshea mchele. Nyama, samaki na mafuta ya kukaangia usitie, utaita panya. Majivu kidogo tu, si jiko zima.

Ikijaa iache, hamia ya pili. Kwa joto la Dar, miezi miwili hadi mitatu ile ya kwanza itakuwa udongo mweusi unaonukia kama msitu baada ya mvua.

Kisha utahitaji pa kuuweka, na hapo ndipo viroba vinapata kazi. Simamisha kiroba, katikati weka kopo lililotolewa kitako, lijaze kokoto, pembeni jaza udongo uliochanganywa na mboji. Livute kopo juu, ujaze tena kokoto na udongo, hivyo hivyo hadi juu. Zile kokoto ndizo njia ya maji, bila hizo mboga za chini zitakufa kiu huku za juu zikioza. Toboa ubavuni, chomeka miche ya sukuma wiki, juu panda mchicha. Kiroba kimoja hakichukui nafasi kubwa kuliko stuli ya shemeji yako.

Jembe la Temeke

Mimi ni kijana wa chupa, naokota na kununua. Dada, zile 83 zako, kama ni za nusu lita, kilo mbili hazifiki. Chupa moja tupu ni gramu kumi na kitu tu. Ndiyo maana ukinipigia nije kutoka Temeke hadi Mbagala kwa mifuko miwili nitakuitikia vizuri halafu sitakuja.

Fanyeni hivi: wapangaji wote watano mjaze kiroba kimoja kikubwa, kikijaa ndiyo uniite. Fungua kifuniko, mwaga maji, kanyaga chupa ilale. Vifuniko weka kwenye kopo lake, ile ni plastiki nyingine na tunaiuza mbali. Angalia chini ya chupa kuna pembetatu yenye namba: za maji na soda ni 1, vidumu mara nyingi ni 2. Ukinichanganyia, nakaa jua zima nachambua, na bei nakushusha. Yenye mafuta ya kula ndani, suuza kwanza.

Na kwa wote wanaosoma hapa, hasa madereva wa malori: chupa mliyojisaidia ndani yake msiirushe dirishani. Ni mikono yetu inayoifungua.

Bi Mwana, Mombasa

Mama Pendo, kanga iliyochanika haitupwi jamani! Kitambaa laini kile hununui dukani. Nikate nikupe: sehemu nzima ni mbeleko, iliyochoka ni nepi, iliyochoka zaidi ni kishikio cha sufuria, na kijitambaa cha mwisho ni cha kupigia deki.

Nazi nayo: machicha wape kuku au utie kwenye hiyo ndoo ya mzee, kifuu ni moto mzuri wa kuwashia mkaa, makumbi yaweke chini ya vyungu vya maua yashike maji. Ila plastiki usiiwashie jiko! Nawaona majirani wakitia mfuko ili mkaa ushike haraka. Moshi ule unaingia kwenye chakula na kwenye kifua cha mtoto aliye mgongoni.

Na chupa si lazima ziwe stuli. Hapa pwani mafundi wa Lamu waliunda jahazi zima kwa plastiki iliyookotwa, wakalipamba kwa ndala za rangi rangi, wakaliita Flipflopi, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Lakini wale waliiyeyusha plastiki wakaitoa kama mbao, wakampa fundi wa majahazi aichonge. Sisi na gundi yetu tusijilinganishe nao.

Mtu wa Maabara

Naomba niharibu sherehe kidogo. Ndoo ya rangi ni ya mboji au deki, basi. Msiweke maji ya kunywa wala unga wa ugali humo hata ikioshwa mara kumi. Dumu lililokuwa na dawa ya mimea au ya kupe ndiyo kabisa: litobolewe lisimdanganye mtu.

Viroba: jua linavila. Baada ya msimu mmoja au miwili kinaanza kuchanika vinyuzi vinyuzi na vyote vinabaki kwenye udongo wako. Ukiona kinatoa unga mkononi, hamisha udongo kabla hakijasambaratika.

Betri ya ile taa iondoe chini ya kitanda leo. Usiichome, usiifukie, usiitie kwenye mboji. Mpelekee fundi wa sola au mnunuzi wa skrepa anayechukua betri.

Bi Mwana, Mombasa

Kiroba kivishwe kanga kuukuu basi, kisipigwe na jua. Mimi changu kimevaa leso tangu mwaka juzi.

Mama Pendo, Mbagala

Nimerudi, wiki ya saba sasa. Mzee shikamoo. Pipa nililipindua kama ulivyosema, na aibu niliyoipata ni kwamba chupa zilikuwa nne tu. Zilizobaki ni maganda, na machicha ya yule mwenzetu anayepika wali wa nazi wa kuuza.

Wiki ya pili ndoo ilinuka hadi mpangaji wa chumba cha mbele akaja kunigongea usiku. Kosa langu: nilitia machicha yanayotiririka maji, na mtoto alitupia kichwa cha samaki. Nikaleta maranda nusu kiroba kwa seremala wa barabarani, ikatulia siku ya tatu. Pipa siku hizi linafika siku tano.

Chupa tumezikusanya nyumba nzima, Jembe akaja kweli akapima. Mgao wangu umetosha vitumbua vya Pendo asubuhi moja, sitajidai zaidi ya hapo. Betri imeenda. Vidumu vinne nimewapa wapangaji wa maji ya choo, viwili nimebaki navyo. Baba Pendo ameanza kuleta vitu kutoka kazini, ila sasa anasimama mlangoni kwanza na kuuliza: "Hiki kina kazi?" Kama sina jibu anarudi nacho.

Mzee, swali moja. Kwenye ndoo wametokea funza wanene, wapana, rangi ya kijivu, wengi mno. Nimwage yote?

Mzee wa Bustani, Morogoro

Marahaba mwanangu. Usimwage. Hao si wa inzi wa mezani, ni wa yule inzi mweusi mrefu, na wanayala maganda haraka kuliko unavyoyaleta. Wakizidi wachote. Kuna jirani mwenye kuku?

Mama Pendo, Mbagala

Yupo. Ni yule wa chumba cha mbele aliyenigongea usiku.