Mkimbizi wa vita akiahidiwa usafiri na kazi na mtu asiyemjua, tumlindeje bila kumnyima hiari yake?

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa,

Kwa miezi kadhaa sasa ninajitolea katika kituo kinachopokea watu waliokimbia vita, wengi wao wanawake na watoto wanaofika usiku na begi moja na simu iliyokwisha chaji. Wiki iliyopita mwanamume mmoja aliyevaa nadhifu alimwahidi binti wa miaka 19, aliyekuja na mdogo wake, chumba na kazi ya kutunza wazee katika mji mwingine, kisha akanyoosha mkono na kuomba pasi yake ya kusafiria ili "aitunze isije ikapotea njiani". Nilimzuia binti asiitoe. Alikasirika, akaniambia kwamba hakukimbia mabomu ili aje kupangiwa maisha na mimi. Kiongozi wangu wa zamu naye aliona nimevuka mpaka, kwa kuwa binti huyo ni mtu mzima.

Tangu siku hiyo sina amani. Naomba wenye uzoefu mnieleze: katika saa zile za mwanzo, mtu akiwa amechoka na hamjui yeyote, ni nini hasa kinachomlinda dhidi ya wafanyabiashara wa binadamu, nasi tukabaki tunamheshimu?

Karani wa Mpakani

Mleta mada, kuhusu pasi ulikuwa sahihi kabisa, ila nadhani ulimkabili asiyestahili. Maswali magumu aulizwe mwenye gari. Mwaka 2022, Waukraine walipokuwa wakiingia Poland kwa maelfu kila siku, wengi wao wakiwa akina mama na watoto kwa sababu wanaume wa miaka 18 hadi 60 walikatazwa kutoka nchini, baadhi ya vituo vya mapokezi vilianza kuwaandikisha madereva waliojitolea: kitambulisho, namba ya gari, anakokwenda na anaokwenda nao. Hatua hiyo haimnyimi mkimbizi chochote, na mtu aliyekuja kusaidia kwa moyo safi hana sababu ya kukataa kuandika jina lake.

Binti mwenyewe mpe taarifa, usimpe amri. Mwambie asimkabidhi mtu yeyote pasi yake, hata mwajiri. Aipige picha na kumtumia ndugu anayemwamini. Awe na simu yenye chaji na laini inayofanya kazi kule anakokwenda. Na akubaliane na nduguye neno moja la kawaida ambalo akilitamka katika mazungumzo litamaanisha "niko hatarini". Kisha mpigie kesho yake, na tena baada ya wiki, kwa maana wengi huanza kubanwa baada ya siku kadhaa, mwenyeji anapoanza kudai gharama za nauli na chumba.

Hukutueleza jambo moja: mdogo wake ana umri gani, naye aliahidiwa nini?

Mwanasheria Mstaafu

Naongezea upande wa sheria, kwa sababu hoja ya "ni mtu mzima, amekubali mwenyewe" husikika sana na huwaangamiza wengi. Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, yaani mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya biashara ya binadamu, hutazama mambo matatu: kitendo, kama vile kumtafuta mtu, kumsafirisha au kumpokea, njia, kama vile vitisho, udanganyifu au kutumia vibaya unyonge wake, na lengo la kumnyonya, iwe kwa ukahaba, kazi za kulazimishwa au kuondolewa viungo. Njia hizo zikitumika, ridhaa ya mhanga haina uzito wowote. Akiwa chini ya miaka 18, si lazima hata njia hizo zithibitishwe.

Tutofautishe pia magendo ya wahamiaji na biashara ya binadamu. Anayekuvusha mpaka kwa malipo huweza kuachana nawe mkishavuka, ilhali mfanyabiashara wa binadamu ndipo anapoanzia. Lakini mkimbizi aliyevushwa kwa mkopo huweza kujikuta amehama kutoka kosa la kwanza hadi la pili bila kujua ni lini, kwa sababu deni ndilo mnyororo wenyewe. Ndiyo maana nathamini sana uamuzi wa Umoja wa Ulaya wa tarehe 4 Machi 2022, ulioanzisha ulinzi wa muda kwa waliokimbia Ukraine na kuwapa haki ya kuishi, kufanya kazi na kusoma bila kusubiri maombi ya hifadhi ya mmoja mmoja. Mwenye kibali cha kazi mkononi ana uwezo wa kumkatalia tapeli.

Mlezi

Nakubaliana na waliotangulia, ila naomba tusiishie mlangoni mwa kituo. Miaka ya 2010 Waeritrea wengi walitekwa mashariki mwa Sudan, wengine karibu na kambi za Shagarab walikokwisha kupata hifadhi, wakauzwa hadi rasi ya Sinai nchini Misri. Huko walifungwa minyororo na kuteswa huku simu ikiwa wazi, ili ndugu wasikie vilio na kulipa fidia ya maelfu ya dola. (Wengi wao walikimbia utumishi wa jeshi usio na ukomo kuliko vita yenyewe, lakini hatari ni ileile.) Kambi isiyo na kazi wala matumaini humfanya kijana amsikilize dalali yeyote, na mhanga anayeogopa kurudishwa alikotoka hatakwenda polisi hata mlango ukiwa wazi. Anayeokolewa akatiwa mbaroni kwa kukosa hati huwafundisha wenzake kunyamaza.

Mleta mada

Nawashukuru kwa dhati. Ndugu Karani, mdogo wake ni mvulana wa miaka 15, na swali lako limenifanya nikumbuke jambo nililolipita siku ile: mwanamume yule alisema gari halina nafasi ya kijana, atamfuata baadaye. Gari lilikuwa na viti vitatu vitupu. Leo asubuhi nimemweleza binti hayo bila kumlaumu, akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akaomba nimsaidie kuipiga picha pasi yake. Kuanzia zamu ya kesho tunaweka meza ya kuandikisha madereva karibu na lango, na kiongozi wangu amekubali kuisimamia mwenyewe.