Mjadala: Chumvi kwa walio kwenye keto, apewe kila mtu au kwanza apimwe?

Nyakato_Sokoni (mwanzisha mada)
Mwangaluka wakuu. Makundi ya keto, ule mlo wa mafuta mengi na wanga kidogo sana, hapa Mwanza yanampa kila anayejiunga agizo lile lile: acha ugali, wali, viazi, michembe, halafu asubuhi na jioni koroga kijiko cha chai cha chumvi kwenye maji ya uvuguvugu. Huku wizara na WHO wanasema chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, ambayo ni kijiko kimoja tu, pamoja na iliyomo kwenye mboga. Ikifika siku ya tatu au ya nne watu wanalalamika: akisimama moyo unakwenda mbio, kizunguzungu, misuli ya mguu inakaza usiku. Wanajibiwa kwamba ni sumu zinatoka. Hoja yangu ni kwamba kumpa mtu chumvi bila kumpima presha wala damu ni makosa na kukomeshwe. Karibuni.

Mfamasia_Buzuruga
Sumu hazihusiki hapo. Ukikata wanga insulini inashuka, na insulini ni mojawapo ya vitu vinavyoifanya figo ibakize sodiamu. Ikishuka, sodiamu inatoka na mkojo, maji yanaifuata. Glikojeni, yaani akiba ya wanga iliyo kwenye ini na misuli, nayo inaisha, na kila gramu yake hukaa na maji kama gramu 3. Kilo mbili tatu za wiki ya kwanza nyingi ni hayo maji. Ujazo wa damu unapungua, mtu akisimama presha inaporomoka, moyo unaongeza kasi kufidia. Tiba yake ni chumvi na maji. Kijiko cha chai kina sodiamu miligramu 2,300 hivi, na wanaotetea keto wanataka gramu 3 hadi 5 za sodiamu kwa siku, chakula kikiwemo. Mtu mzima mwenye figo nzima na asiye na presha haimdhuru. Na watu wa ziwani chumvi wala si shida, wanashinda na dagaa.

Mwaloni_Kirumba
Dagaa wenye chumvi umewaona wapi? Dagaa wa ziwa wanatoka majini, wanamwagwa kwenye mchanga au kwenye chanja, jua linawakausha, basi. Ziwa lenyewe ni maji baridi. Unaandika kama mtaalamu halafu kitu kinachouzwa mbele ya macho ya Mwanza nzima hukijui.

Mfamasia_Buzuruga
Nilikuwa nazungumzia samaki wa kukaushwa kwa ujumla. Kayabo nenda kaonje kisha urudi hapa.

Mwaloni_Kirumba
Kayabo ni sangara. Anapasuliwa, anapakwa chumvi nyingi, anaanikwa, na mzigo mkubwa unavuka kwenda Kongo. Nani hapa Igoma anakula kayabo kila siku? Hapa watu wanakula dagaa wa kukaanga na sato wabichi. Chumvi inaingia jikoni kwa mkono wa mpishi.

Mama_Bwiru
Ndugu zangu, wapo pia wanaochovya dagaa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuwaanika, ili nzi wasiwaharibu na wakae muda mrefu. Kwa hiyo nyote mna kipande chenu cha ukweli. Hao wa chumvi ukiwaroweka, chumvi inabaki kwenye maji unayomwaga. Kayabo vilevile, asiyerowekwa na kubadilishiwa maji haliki. Sasa niambieni, mtu wa keto akipika hayo maji ya kuroweka anapata chumvi kiasi gani? Hakuna ajuaye. Kijiko angalau kinapimika.

Ngosha_Ilemela
Ukurasa wa pili huu tunajadili dagaa. Jambo linaloua hamjaligusa: potasiamu. Sodiamu ikipungua mwilini, homoni ya aldosteroni inapanda. Figo inaing'ang'ania sodiamu iliyobaki na kuitupa potasiamu. Maana yake ukimnyima mtu chumvi kwa kuogopa presha, unammalizia potasiamu. Kiwango cha kawaida kwenye damu ni 3.5 hadi 5.0 mmol kwa lita. Ikishuka chini ya 3 moyo unaweza kuanza kuruka mapigo, na kipimo cha umeme wa moyo kinaonyesha hivyo. Magneziamu ikiwa chini, hata ukimpa vidonge vya potasiamu haipandi sawasawa. Hawa wakufunzi wa wiki mbili hawayajui haya.

Mlo_wa_Asili
Mkufunzi wa wiki mbili ni nani? Keto ilianza kutumika Marekani mwaka 1921 kwa watoto wenye kifafa, inatimiza zaidi ya miaka 100. Kama ingekuwa inaua, hospitali zisingeitumia mpaka leo. Shida yenu ni kwamba watu wanapona kisukari bila kupanga foleni dirishani kwenu.

Ngosha_Ilemela
Watoto hao wanasimamiwa na daktari na mtaalamu wa lishe, wanapewa madini na vitamini, wanapimwa damu mara kwa mara. Pamoja na hayo, wapo waliokutwa na upungufu wa madini ya seleniamu na umeme wa moyo umevurugika. Na mwaka 1977 hukohuko Marekani watu waliokuwa wanaishi kwa protini ya kunywa pekee walikufa ghafla, makumi, mioyo ikipoteza mpigo. Ile protini haikuwa na madini ya kutosha.

Mlo_wa_Asili
Ile haikuwa keto, ile ilikuwa njaa! Kalori 300 au 400 kwa siku, hakuna mboga, hakuna nyama. Usichanganye ili kutisha watu. Sisi tunawapa parachichi, mchicha, supu ya mifupa, samaki mzima.

Mfamasia_Buzuruga
Hilo la njaa nakubaliana nawe. Ila hesabu basi: WHO wanataka potasiamu isipungue miligramu 3,510 kwa siku. Gramu 100 za parachichi zina 480 hivi. Ndizi, viazi na maharage vilivyokuwa vinampa potasiamu umeviondoa, na nusu parachichi haizibi pengo. Mchicha ukiuchemsha ukamwaga maji, potasiamu nyingi umeimwaga pia, kwa hiyo supu yake inywewe. Supu ya mifupa isiyotiwa chumvi ina madini machache kuliko mnavyoiimba.

Mama_Bwiru
Vidonge vya potasiamu je? Wameshaanza kuuziana kwenye makundi.

Mfamasia_Buzuruga
Hapo nakataa katakata. Mtu anayemeza dawa za presha au moyo kama losartani, enalaprili au spironolaktoni mwili wake tayari unaibakiza potasiamu. Mwenye figo mbovu asiyejijua ndivyo hivyo hivyo. Ukimwongezea vidonge ikapita 6.5, moyo unaweza kusimama bila hata maumivu ya kumwonya. Upande wa pili kuna wanaotumia dawa za kukojoza, haidroklorothayazidi au furosemidi. Hizo zinamwaga sodiamu na potasiamu, na keto inamwaga juu yake. Watu wawili jirani, wote "wana presha", mmoja potasiamu inamzidi, mwingine inamwishia. Ndiyo maana agizo moja kwa kundi zima ni hatari.

Nyakato_Sokoni
Sasa si ndicho nilichosema tangu mwanzo? Apimwe kwanza!

Mlo_wa_Asili
Apimwe kwa pesa ya nani? Kipimo cha madini na cha figo si kila kituo cha afya kinacho. Ukisema hakuna keto bila maabara umeiacha kwa wenye nazo, mama muuza mboga umemwambia abaki na uzito wake.

Ngosha_Ilemela
Kuna vya bure uanze navyo. Alale chali dakika 5, hesabu mapigo dakika nzima, usihesabu sekunde 15 ukazidisha. Asimame, hesabu tena baada ya dakika 1 na ya 3. Yakipanda kwa 30 au zaidi, au namba ya juu ya presha ikishuka kwa 20, maji na chumvi vimepungua. Mkanda wa presha ufungwe juu ya kiwiko, mkono ulingane na usawa wa moyo. Ila kama anatumia dawa za kupunguza kasi ya moyo, atenololi au propranololi, mapigo hayatapanda hata kama amekauka, kwa hiyo angalia presha na kizunguzungu. Na mapigo yanayoruka ovyo hata akiwa amelala, maumivu ya kifua au kuzimia havitibiwi kwa kijiko. Huyo apelekwe hospitali.

Mama_Bwiru
Ongezeni na sukari kushuka. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi akiacha wanga dozi ikabaki ileile, moyo unakwenda mbio vilevile, anatetemeka, anatoka jasho. Kundi linamwambia anywe chumvi! Mpimeni sukari. Ikiwa chini ya 4 mmol kwa lita, mpeni vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, mpimeni tena baada ya dakika 15. Keto ikae pembeni siku hiyo.

Mlo_wa_Asili
Hilo sisi tunalisema, dozi ipunguzwe na daktari kabla ya kuanza. Msitupake matope wote.

Mwaloni_Kirumba
Na ORS, zile pakiti za kuchanganya na maji kwa anayeharisha? Nimeona makundi ya keto yanazikataza kwa sababu zina sukari.

Mfamasia_Buzuruga
Pakiti ya lita moja ina glukosi gramu 13.5, chumvi 2.6 na kloridi ya potasiamu 1.5. Mtu anayeharisha au kutapika apewe, ketoni, zile ambazo mwili unatengeneza ukichoma mafuta, zitarudi baadaye. Kumnyima ORS mtu anayeharisha ili asitoke kwenye ketosisi, yaani hali hiyo ya kuchoma mafuta, ni ukatili.

Mama_Bwiru
Kanda ya Ziwa tuna siko seli wengi, nanyi mnajua. Figo zao hazibani mkojo vizuri, maji yanapotea upesi. Wiki ya kwanza ya keto ni kumkausha mtu ambaye kukauka kunamletea maumivu makali ya mifupa. Kundi gani linauliza hilo kabla ya kumpokea mtu?

Mlo_wa_Asili
Dada, hilo la siko seli litaingia kwenye fomu yetu. Lakini kukomeshwa hatukubali. Andikeni dawa ambazo mnaona mtu anayezitumia asianze keto kabisa, tutaziweka.

Mfamasia_Buzuruga
Kabisa kabisa, nianze na dawa za kisukari dapagliflozini na empagliflozini. Hizo zinamwaga sukari kwenye mkojo, na zikikutana na keto asidi ya ketoni inaweza kupanda huku sukari kwenye mashine inasoma 9 au 10, kila mtu anadhani yuko salama. Akiwa na kichefuchefu, tumbo linauma, anapumua kwa nguvu, msibishane na mashine, apelekwe saa hiyohiyo na aseme dawa anayotumia. Na kuziacha asiziache kwa agizo la kundi, aende kwa aliyemwandikia.

Mlo_wa_Asili
Na metifomini, dawa nyingine ya kisukari?

Mfamasia_Buzuruga
Metifomini yenyewe haishushi sukari kupita kiasi. Shida ni akiharisha au kutapika mpaka akakauka, hapo aisitishe na aende akapimwe figo.