Walimu wa muziki tunapelekwa semina za kila kitu isipokuwa muziki, halafu tunaambiwa "jiteteeni"

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa bado nimevimba, kwa hiyo anayetaka maneno matamu apite salama.

Nafundisha muziki shuleni. Nimetoka tena kwenye semina ya lazima, ile ya kusaini asubuhi na kusaini jioni. Mada: namna ya kusoma matokeo ya mitihani ya hisabati na lugha na kuyatumia kuandaa somo. Chati zimejaa ukutani, nyekundu, njano, kijani. Tukagawanywa vikundi kwa masomo. Mimi, mwalimu wa uchoraji na mwalimu wa michezo tukarundikwa meza ya nyuma, kikundi cha "masomo mengineyo", tukapewa kifungu cha habari tukipigie mstari wazo kuu.

Nikanyoosha mkono. Nikasema, samahani mwezeshaji, somo langu halimo kwenye hizi chati. Nina kwaya ya vijana wa miaka 13 na 14, na nusu ya wavulana sauti zao zinabadilika. Yupo mmoja alianza mwaka akiimba sauti ya kwanza, sasa hivi ana noti nne au tano za uhakika, nyingine zinakwaruza au hazitoki kabisa. Hizi chati zinanisaidiaje kwa kijana huyo?

Akatabasamu. "Mwalimu, kuwa mbunifu. Mwisho wa kipindi kila mwanafunzi aandike kwenye kikaratasi jambo moja alilojifunza."

Watu wakacheka, sijui nilichekwa mimi au yeye, tukarudi kwenye wazo kuu. Jioni nikakabidhiwa cheti: amehudhuria mafunzo ya kuendeleza taaluma. Taaluma ya nani?

Kinachoniuma ni kwamba jibu la swali langu lipo, tena lipo siku nyingi. Tangu miaka ya 1970 John Cooksey, mtafiti Mmarekani wa sauti za vijana, alishapanga hatua ambazo sauti ya mvulana hupitia inapobadilika. Eneo la sauti hubana katikati ya safari, rangi ya sauti hugeuka, kisha taratibu hutulia chini. Mwalimu anayelijua hilo anampima kila kijana mara kwa mara, anamwandikia mstari unaokaa ndani ya zile noti chache alizonazo, anamhamisha akishuka, na kijana anabaki kwaya. Asiyelijua anamwambia, "wewe fungua mdomo tu, usitoe sauti." Basi. Kijana huyo mkute ana miaka 40 atakuambia yeye hajajaliwa kuimba. Wangapi humu ndani mliambiwa hivyo?

Hiyo ndiyo semina niliyoihitaji. Sijaomba makuu. Nimeomba kufundishwa kazi ninayoifanya.

Na kazi yetu haifundishwi kwa slaidi. Émile Jaques-Dalcroze, mwalimu wa muziki wa Uswisi, alipokuwa anafundisha Geneva aliona wanafunzi wake wanasoma nota vizuri tu lakini mapigo hawayasikii mwilini, ndipo akaanza kuwatembeza, kuwapungisha mikono, kuwafanya waupige mdundo kwa miguu. Njia ya Carl Orff, mtunzi wa Ujerumani, nayo ni hivyo hivyo: mwili, maneno, ngoma, marimba, kubuni papo hapo. Sasa jifunze hayo umekaa kwenye kiti, projekta inaunguruma, mtu anasoma slaidi kwa sauti kama vile hatujui kusoma.

Tena ukichunguza historia ya fani hii, mwalimu amejifunza kwa mwalimu mwenzake. Yale maandishi ya d, r, m (do, re, mi) ambayo wanakwaya wengi ndiyo wameanzia, John Curwen aliyaeneza Uingereza karne ya 19 baada ya kukutana na njia ya Sarah Glover, mwanamke aliyekuwa akifundisha watoto kuimba huko Norwich. Curwen akaongeza ishara za mikono, na baadaye wafuasi wa Zoltán Kodály, mtunzi na mwalimu wa muziki wa Hungaria, wakazichukua, na leo mimi ninazitumia darasani. Mnyororo wote huo ni mtu kuona mwenzake anafanya nini, akarekebisha, akaendelea. Sisi tumeukata. Mwalimu wa hisabati ana idara, ana wenzake wa kumuuliza mlangoni tu. Mwalimu wa muziki mara nyingi yuko peke yake shule nzima. Anaweza kumaliza miaka na miaka hajawahi kumwona mwalimu mwingine wa muziki akifundisha.

Halafu anakuja kukaguliwa na mtu ambaye hajawahi kufundisha kwaya hata ya watu watatu. Mimi niliandikiwa hivi kwenye fomu: "Wanafunzi walirudia jambo lile lile mara nyingi. Darasa lina kelele." Ndugu mkaguzi, hayo ni mazoezi! Ile sehemu ya sauti ya tatu ilikuwa inashuka kila inapofika mwisho wa sentensi, kwa sababu walikuwa wanaishiwa pumzi na kubana koo. Tulirudia, tukahamisha mahali pa kuvuta pumzi, tukarudia, mara ya mwisho wakasimama palepale panapotakiwa. Mwenye sikio angesikia somo zima limetokea mbele yake. Yeye aliona kurudia.

Kelele nayo tuizungumze vizuri, maana hapa kuna jambo zito. Taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani inapendekeza mtu asizidi desibeli 85 (kipimo cha ukali wa sauti) kwa saa 8, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda unakatwa nusu. Fanyeni hesabu: desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1. Bendi ya shule yenye tarumbeta na ngoma ndani ya chumba cha kawaida chenye kuta tupu inafika huko bila kujikaza, na mwalimu anapokea kundi moja baada ya jingine. Ongeza koo: anaongea juu ya sauti za ala, anaimba mfano, anaongea tena. Nani amewahi kupewa semina ya namna ya kulinda masikio na sauti yake? Semina ya mwandiko ubaoni nimepewa.

Sasa tuje kwenye hili la "jiteteeni", maana ndilo lililonifanya nikose usingizi.

Kila bajeti ikibana, tunaitwa na kuambiwa kwa upole kwamba somo letu liko hatarini, kwa hiyo tuwashawishi wazazi na bodi umuhimu wake. Yaani daktari wa meno anaajiriwa, halafu kila mwaka anatakiwa athibitishe kwamba meno yapo. Na hoja tunazogawiwa ndizo zinazonichefua: muziki unaongeza alama za hisabati, muziki unaongeza akili, Mozart, Mozart, Mozart.

Hiyo ya Mozart mnajua ilikotoka? Mwaka 1993 mtafiti Frances Rauscher na wenzake walichapisha kwenye jarida la Nature jaribio la wanafunzi 36 wa chuo kikuu. Walisikiliza sonata ya Mozart ya piano mbili kwa dakika 10, wakafanya vizuri kidogo kwenye maswali ya kufikiria maumbo, na manufaa yenyewe hayakuvuka dakika 10 hadi 15. Watu wazima. Kusikiliza tu. Hakuna mtoto, hakuna aliyeshika ala, hakuna mwalimu. Kufika 1998 gavana wa Georgia, Marekani, Zell Miller, akaomba dola 105,000 kwenye bajeti ili kila mtoto mchanga apewe rekodi ya muziki wa aina hiyo. Mwaka uliofuata jarida lile lile likachapisha watafiti waliorudia majaribio na hawakuona cha maana. Na bado ile slaidi ya ubongo uliopakwa rangi inazunguka semina hadi semina.

Ubaya wa hoja hiyo hauishii kwenye uchovu wake. Ukisema thamani ya muziki ni kupandisha hisabati, mkuu wa shule mwenye akili timamu atakujibu: basi hicho kipindi nikigeuze hisabati moja kwa moja. Na utakuwa huna la kusema, kwa sababu umeshamkubalia kwamba somo lako ni mtumishi wa somo la mwenzio. Mwalimu wa hisabati hajawahi kuombwa athibitishe kwamba milinganyo inamfanya mtoto aimbe vizuri.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989, kifungu cha 31, unataja haki ya mtoto kushiriki kikamilifu katika maisha ya utamaduni na sanaa. Marekani sheria yao ya elimu ya 2015 imeutaja muziki kwa jina miongoni mwa masomo ya elimu iliyokamilika. Hoja ziko mezani, tena hazihitaji picha ya ubongo. Ila sheria haipangi ratiba. Kipindi changu kikimezwa na marudio ya mtihani, hakuna kifungu kinachokuja kukitoa. Mtoto akitolewa kwaya akamalizie zoezi la somo jingine, hakuna anayeona kwamba ameibiwa kitu.

Na hii desturi ya mwalimu wa muziki kujithibitisha kwa jasho la bure ina umri. Boston, Marekani, mwaka 1837, kamati ya shule ilikubali muziki ujaribiwe lakini fedha hazikutoka. Mwalimu wa muziki Lowell Mason akafundisha shule moja mwaka mzima bila malipo ili waone. Wakaona, na Agosti 1838 wakaupitisha kuwa somo. Wenzangu wanaisimulia hadithi hiyo kwa kujivunia, na Mason anastahili heshima yake. Mimi nikiisoma namwona mwajiri aliyegundua kwamba huyu mtu anaipenda kazi yake kiasi cha kuifanya bure. Tumekuwa tukifanya bure tangu hapo: mazoezi baada ya masomo, mahafali, wageni wa ghafla ("mwalimu, watoto waimbe kidogo"), kutengeneza ala usiku. Kisha siku ya kupanga vipindi tunaambiwa hatuna mzigo wa kutosha.

Utetezi wa kweli ni kazi ya ofisi. Ni kujua rasimu ya bajeti inaandikwa mwezi gani, maana ukifika imeshasainiwa umekwenda kulia msibani. Ni kujua nani anakaa kwenye kikao hicho, kupeleka ukurasa mmoja wenye idadi ya wanafunzi unaowafundisha, ala zipi nzima na zipi zimekufa, filimbi moja inatumika miaka mingapi kabla ya kutupwa, na ukikata kipindi ni watoto wangapi wanakosa. Ni kuwa na mzazi ndani ya kikao anayeuliza hayo kwa niaba yako, kwa sababu mzazi akisema anasikilizwa kama mzazi, na mimi nikisema nasikilizwa kama mtu anayeng'ang'ania ajira. Semina ya mambo hayo ningekaa mstari wa mbele kabisa. Haipo. Kilichopo ni "kuwa mbunifu".

Vyama vyetu navyo visijifiche nyuma yangu. Mikutano mnaiweka katikati ya wiki ya kazi, nauli na ada natoa mfukoni, nikifika nusu ya ukumbi ni wauza ala. Mada zenyewe ni za mwenye bendi kamili na chumba chenye mazulia ukutani. Wekeni kipindi kimoja cha mwalimu mwenye watoto 60, ngoma mbili na kinanda kisicholia noti ya la, muone ukumbi utakavyofurika.

NYONGEZA: Kuna ndugu ameandika hapo chini kwamba mambo yote yako mtandaoni bure, tuache kulalamika. Mkuu, video naziangalia sana na zimenisaidia. Ila video haisikii kwaya yangu. Haioni kwamba mkono wangu wa kushoto unapanda kila ninapotaka waimbe taratibu, na watoto wanaufuata mkono. Hilo aliligundua mwalimu mwenzangu aliyepita darasani kwa bahati akakaa dakika chache tu, na limenifaa kuliko vyeti vyote nilivyonavyo kwenye faili.

Mwingine ameuliza nataka nini hasa. Nimeshaandika barua kwa mkuu wangu: siku za mafunzo nilizopangiwa mwaka huu, moja niitumie kwenda kukaa kwenye darasa la mwalimu wa muziki wa shule nyingine, na yeye siku nyingine aje kwangu. Gharama ni nauli. Amenijibu jana kwa maandishi kwamba wazo ni zuri, ameniruhusu, ilimradi nitafute mwalimu mwingine wa muziki hapo shuleni wa kunishikia vipindi.

Mwalimu wa muziki hapa shuleni ni mimi peke yangu.